Schnee na Lettow: acheni hadithi ya mwoga na shujaa

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtembeza watalii mmoja Tanga: ati Heinrich Schnee, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa raia mwoga aliyejiingiza katika vita visivyomhusu, mpaka Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la koloni, akamweka kando ili kazi ifanyike.

Hilo la "visivyomhusu" ndilo linalonichosha. Kwa sheria za makoloni ya Kijerumani, mwenye mamlaka ya juu ya kijeshi ndani ya koloni alikuwa gavana. Schutztruppe, yaani jeshi la koloni, haikuwa sehemu ya jeshi la Kaisari kule Ulaya; ilikuwa chini ya wizara ya makoloni, na huku gavana ndiye aliyekuwa mtu wa wizara. Lettow aliposhuka Dar es Salaam Januari 1914 alimkuta Schnee yuko kazini tangu 1912, na kwa karatasi huyo ndiye mkubwa wake, hata kwa habari ya kufyatua risasi. Anayetaka kusema Lettow alikuwa na haki, aseme. Ila aseme pia kwamba alikuwa mwanajeshi aliyekaidi amri halali. Hatuwezi kuita ukaidi ushujaa kwa sababu tu mkaidi alishinda.

Na amri zenyewe hazikuwa za kipumbavu. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mtambo wa redio wa Dar es Salaam. Upande wa gavana ukapatana na makapteni wa Kiingereza kwamba Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe, na Wajerumani nao wasifanye uhasama humo. Schnee, mwanasheria kwa taaluma, alikuwa ameshika mkataba wa Berlin wa 1885, ulioacha mlango wa kuziweka nchi hizi nje ya vita vya Ulaya. Halafu Maji Maji ilikuwa imezimwa mwaka 1907 tu. Yeye aliona koloni la kulindwa. Lettow aliona chambo cha kuvutia majeshi ya Uingereza yasiende Ulaya, na koloni likiteketea kwa kazi hiyo, basi liteketee. Hawa hawakuwa wakibishana juu ya njia; hata waendako palikuwa tofauti.

London ikayakataa mapatano. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ikatia nanga Tanga kutangaza kwamba yamekwisha. Agizo la Schnee lilikuwa mji uepushwe na mizinga. Lettow akaleta askari kwa reli kutoka Moshi, akapigana, akashinda. Wajerumani waliokota bunduki za mashine 16 na risasi kama 600,000, na tangu siku hiyo hoja ya sheria haikuwa na msikilizaji.

Hapa nina shaka ambayo vitabu vya shule huiruka. Je, Schnee alihofia wakazi wa Tanga, au alihofia jina lake lisiandikwe kwenye magofu ya mji? Nimesoma utetezi wake, nikasoma na wa Lettow. Wote wawili waliandika baada ya kushindwa vita, kila mmoja akijisafisha. Lettow anamfanya gavana kuwa kero; Schnee anajionyesha kuwa ndiye aliyelihudumia jeshi kwa chakula, watu na viwanda vya dharura. Kwa hili la mwisho namwamini zaidi Schnee. Jeshi halikuishi kwa ujanja wa Lettow peke yake: liliishi kwa nafaka za wakulima na migongo ya wapagazi, na waliozikusanya na kuwasukuma ni maofisa wa utawala wale wale aliowadharau. Kwa hiyo msidhani namtetea mtu mwema.

Novemba 1917 Lettow akavuka Ruvuma kuingia kwa Wareno, Msumbiji ya leo. Schnee akavuka naye, gavana asiye na hata kijiji cha kutawala, akatembea mwaka mzima katika msafara wa mtu aliyempuuza, hadi kusalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwoga gani huyo?

Schnee alikufa 1949, Lettow 1964. Miaka 15 ya kusimulia bila mpinzani wake ni mingi, na watembeza watalii wetu bado wanamsaidia.