Mkopo na ufadhili wa chuo: anza na karatasi, matokeo yatakukuta njiani

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, benchi lililo nje ya ofisi yetu hujaa tangu asubuhi. Nahudumu kwenye dawati la mikopo na ufadhili la chuo kimoja hapa Tabora mjini. Wanaokaa kwenye benchi lile wametoka Sikonge, Kaliua, Nzega, Igunga, na karibu wote wamefaulu vizuri. Kinachowakwamisha ni karatasi. Nimeona hivyo mwaka baada ya mwaka, na inaniuma, kwa sababu karatasi ni jambo ambalo familia inaweza kulimaliza kabla mtoto hajaingia hata chumba cha mtihani.

Simsahau binti mmoja kutoka upande wa Urambo. Baba yake alifariki binti akiwa darasa la nne, akazikwa kijijini, na kama ilivyo kwa misiba mingi huku kwetu, hakuna aliyekumbuka kufuatilia cheti cha kifo. Miaka 9 baadaye binti anajaza fomu ya mkopo na kuandika kuwa ni yatima wa baba. Mfumo unataka namba ya cheti. Mama akaanza safari za kwenda wilayani, mara barua ya mtendaji haina muhuri, mara jina la marehemu limeandikwa vingine. Cheti kilipopatikana, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Akakaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama yake kuuza mihogo.

Kwa hiyo wazazi na walezi, kama mtoto yuko kidato cha tano leo, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kifo vishughulikieni mwaka huu. Usajili hufanyika ofisi ya mkuu wa wilaya, na kifo cha zamani nacho husajiliwa, ila huenda taratibu. Baada ya hapo cheti lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, maana Bodi ya Mikopo hupokea namba ya uhakiki, na wakati wa msimu maombi ya uhakiki huwa mengi mno.

Majina ndiyo mtego mkubwa zaidi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Kalunde, cha kidato cha nne kinasema Kalunda. Au mtoto aliandikishwa shuleni kwa jina la babu, cheti kikatoka na jina la ukoo. Nyumbani ni mtu yule yule, lakini mfumo unaona watu wawili. Wekeni vyeti vyote mezani, msome herufi kwa herufi. Mkikuta tofauti, nendeni kwa wakili mapema mkashauriwe kuhusu hati ya kiapo au marekebisho.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu: JKT, yaani mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vijana wengi huitwa kambini muda mfupi baadaye. Anaweza kupangiwa Msange hapa hapa Tabora, au Bulombora kule Kigoma. Maombi ya mkopo mara nyingi hufunguliwa mtoto akiwa kambini, hana simu, na mzazi nyumbani hajui hata namba yake ya mtihani. Kabla hajaondoka, aache faili: vyeti vyote, picha, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, namba ya kaya kama familia ni wanufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyoandikwa kwa mkono ulio wazi. Namba hiyo ndiyo itakayotumika kuomba chuo, na lazima iwe hiyo hiyo kwenye mkopo. Amkabidhi mtu mzima mmoja anayeaminika na anayepokea simu.

Sasa niseme kuhusu steshenari, yale maduka ya kuchapa na kujaza fomu mtandaoni. Wengi wetu hatuna kompyuta, kwa hiyo kijana wa steshenari ndiye anayejaza fomu, na wengi wao hufanya kazi nzuri. Tatizo ni pale anapotumia barua pepe yake na namba yake ya simu kwa waombaji 40, kisha nywila anabaki nayo yeye. Ujumbe wa kurekebisha fomu ukija unaingia kwake, na yeye ameshahama. Fungua barua pepe yako mwenyewe, weka laini iliyosajiliwa kwa jina lako, nywila iandike kwenye daftari. Kaa pembeni yake akijaza, hasa sehemu ya kazi na hali ya wazazi. Nimekutana na fomu ya mtoto wa mkulima wa tumbaku iliyosema baba ni mfanyabiashara, kwa vile tu aliyejaza alichagua neno la kwanza aliloliona. Ada ya maombi kwa Bodi ni shilingi 30,000. Anayekuomba zaidi ili "akupitishie asilimia mia" ni tapeli.

Watu wanachanganya mkopo na ufadhili. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005, hutoa mkopo, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Ufadhili haurudishwi. Upo Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri sana kwenye tahasusi za sayansi. Jina likitoka kwenye orodha ya wenye sifa, bado mhusika lazima aombe mwenyewe. Zipo pia nafasi za nje, kama Hungaria na China, ambazo hupitia Wizara ya Elimu. Hizo hufungwa mapema, na pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000, haipatikani kwa siku moja. Kwenye barua ya kujieleza usiandike "natoka familia maskini" ukaishia hapo. Andika kwamba ulisoma ukikaa kwa shangazi Isevya ukiamka saa 10 kuchota maji, na kwamba ulifundisha wenzako hesabu Jumamosi. Msomaji wa maombi hukumbuka anachoweza kukiona.

Ukipangiwa kidogo, au ukakosa, kuna dirisha la rufaa. Wengi hulikosa kwa kukata tamaa tu. Na kama umechaguliwa chuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda, la sivyo mkopo hauna pa kwenda.

Halafu linakuja bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mwanafunzi. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo siku 60 ni 600,000 zinazoingia kwa mkupuo. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake, ni fedha inayolevya. Siku hiyo hiyo lipa chumba, nunua mchele na mafuta ya mwezi, halafu gawa kinachobaki kwa wiki. Na mzazi, naomba nikuambie kwa heshima: bumu la mwanao si la kulipia madeni ya nyumbani. Nimekaa na wanafunzi waliotuma nusu yake kijijini, wakashinda njaa wiki ya mitihani, wakaishia kwenye sapu (mtihani wa marudio) na keri (somo la kurudia mwaka unaofuata). Ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, mkopo unakatika na deni linabaki. Wenye ufadhili wasome barua ya tuzo mpaka mwisho, maana kiwango cha ufaulu kinachotakiwa kila mwaka kimeandikwa humo. Masomo yakianza kukulemea, njoo ofisini mapema. Ukija baada ya matokeo, yanayowezekana yamebaki machache.

Na lile faili ulilolikusanya kabla ya JKT usilitupe. Cheti cha kifo cha baba alichokipigania mama ndicho hicho hicho atakachokitumia mdogo wako.