Je, wajua? Chapa namba 1/150 haiizidi ubora namba 87/150

Rafiki yangu mmoja mfamasia hapa Mtwara mjini alinionyesha kwenye simu chapa ya sanaa anayoitamani, yaani picha ya msanii iliyochapwa nakala kadhaa kwenye karatasi, ukiitupia jicho unaona boksi la dawa kabisa, kama yale anayoyapanga kwenye shelfu kila siku, mpaka miligramu zimeandikwa, ila palipotakiwa jina la dawa pameandikwa kuku. Ni kazi ya Damien Hirst wa Uingereza, ya 1999, inaitwa The Last Supper, yaani Karamu ya Mwisho, ziko chapa 13 kama Yesu na wanafunzi wake 12, na nyingine zina soseji, omleti, saladi. Mi naiona kazi nzito sana, maana dawa tunazimeza kwa imani ileile ya chakula, kwamba kifo kitatusubiri kidogo.

Sasa muuzaji kaandika namba yake ni 87/150. Nikamwambia achana nayo, tafuta 1/150 au hata 5/150, hizo za mwanzo ndo kali. Nilikosea, na nimegundua wengi tunakosea hapohapo.

150 ni idadi ya nakala za picha ile moja. 87 ni namba ya kuitambua nakala moja tu, haisemi ni ya 87 kwa ubora, na mara nyingi haisemi hata kama ilichapwa ya 87, kwa sababu kila rangi inapitishwa peke yake, karatasi zinaanikwa, zinageuzwa, zilizoharibika zinatolewa, halafu ndo rundo linaandikwa namba kwa mkono, mara nyingi kwa penseli. Ni kama korosho ghalani: namba ya stakabadhi yako haikupi daraja la kwanza, daraja linatoka kwenye korosho zenyewe.

Lakini hii imani haikutoka hewani. Zipo chapa zinazotengenezwa kwa kukwaruza bamba la shaba kwa sindano kali. Fikiria jembe linavyopita shambani, linaacha mfereji na udongo uliotuna pembeni, sindano nayo inainua kingo nyembamba za shaba, na zile kingo ndo zinashika wino na kutoa ule mstari laini kama manyoya. Kila bamba likipita kwenye mashine kingo zinalala kidogo, kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi yanavyoisha makali, kwahiyo nakala za mwanzo kweli zinatoka nzuri zaidi. Huko kuwahi kuna maana, japo hata huko uangalie mstari wenyewe kwanza, maana namba inaweza isifuate mpangilio wa kuchapwa.

Zile za Hirst ni za skrini. Nilienda kumwangalia kijana anayechapa tisheti hapahapa mjini, ana fremu imewambwa kitambaa cha matundu madogo, sehemu zisizotakiwa zimezibwa, anamwaga wino, anauvuta kwa raba mara moja tu, akiinua fremu picha ishakaa. Aliyewahi kupakwa hina kwa karatasi iliyokatwa maua ataelewa haraka, rangi inapita palipo wazi. Raba inateleza juu, haikwangui kitu, na nakala 150 kwa skrini inayotunzwa ni kazi ndogo.

Wapo wanaolipa zaidi kwa namba 1 kwa kuipenda tu, au kwa namba inayofanana kwenye chapa zote 13 ili seti ikamilike. Hayo ni mapenzi ya mnunuzi, wino ni uleule.

Kinachoshusha thamani kweli ni karatasi, na kwa sisi wa pwani ndo pa kuogopa, unyevu wa bahari unaleta madoa ya kahawia na ukungu, jua la dirishani linafubaza rangi, kioo kikigusana na picha inaweza kunata. Nilimrudia rafiki yangu nikamwambia ile 87 asiiache, amuombe muuzaji picha za nyuma ya karatasi na kona zote nne. Zimekuja jana usiku, karatasi ni nyeupe safi mpaka kwenye ukingo.