Je, wajua utomvu wa papai ndio ulisaidia kujua antibodi ina umbo gani?

Kwenye vitabu vya baiolojia antibodi, au kingamwili, yaani protini ya mwili inayoshika maadui kama vijidudu, huchorwa kama herufi Y. Sasa walijuaje, maana ni kitu kidogo mno, hadubini ya shuleni haikioni kabisa?

Walianza kwa kuikata. Mwaka 1959 Mwingereza Rodney Porter, akiwa maabara London, alitoa majibu ya kazi yake: alichukua antibodi za sungura akazitia papaini, enzaimu ya kwenye utomvu wa papai, ile ile inayolainisha nyama ya mishkaki ukiipaka papai bichi, kazi yake ni kukatakata protini. Ungetegemea ipatikane rojo tu lakini wapi, vilitoka vipande vitatu vikubwa. Viwili bado vilikuwa vinamshika adui vizuri tu, cha tatu hakishiki kitu ila kikatengeneza fuwele, na hapa ndo penye utamu wenyewe, kwa sababu fuwele haziji kirahisi kama molekuli hazifanani, na sungura ana antibodi za aina chungu nzima! Maana yake kile kipande cha tatu kinafanana karibu kwenye zote, tofauti ipo kwenye vile viwili vinavyoshika. Mtu alisoma yote hayo kwenye chupa bila kuiona antibodi hata moja, kwangu mimi hiyo ni akili kubwa sana.

Kule Marekani Gerald Edelman yeye alivunja vifungo vya salfa, antibodi ikaachana kuwa minyororo, mizito miwili na myepesi miwili. Wakagawana Nobeli 1972.

Na picha je? 1967 watafiti wawili, Valentine na Green, walizipa antibodi kemikali yenye ncha mbili, kila ncha ikakamatwa na antibodi yake, kwenye hadubini ya elektroni zikaonekana pembetatu, antibodi tatu zimeshikana, kila kona ina kijinundu. Wakatia pepsini, enzaimu ya tumboni inayokula kile kipande cha tatu, vijinundu vikapotea! Kwa hiyo mguu wa Y ndo ule.

Siku hizi kuna eksirei za fuwele na hadubini za kugandisha sampuli kwa baridi kali, ila papaini haijastaafu, maana Y nzima inapinda pinda pale kwenye maungio na kuigeuza fuwele ni shida, so maabara nyingi bado zinakata mikono kwanza ndo zinaipiga eksirei.