Stesheni ya Toyama: yanayosemwa na yalivyo

Ukitaja reli ya Japani mbele ya watu, wengi huona kitu kimoja tu: treni nyeupe yenye pua ndefu ikiupasua upepo. Mimi naamini ustadi wa Wajapani huonekana zaidi pale abiria anaposhuka treni moja na kupanda nyingine. Ndiyo maana nimeichagua Toyama, stesheni ya mkoani kwenye pwani ya Bahari ya Japani, katika mji wa watu wapatao laki nne. Ukiitazama kwa makini, mengi tunayoyasikia kuhusu reli za nchi ile yanakosa pa kusimamia.

"Reli ya Japani ni shirika moja la serikali."

Shirika la reli la taifa lilivunjwa mwaka 1987, kazi zake zikagawiwa kampuni za JR (Japan Railways): sita za abiria na moja ya mizigo. Hapo Toyama, Shinkansen, yaani ile treni ya mwendo kasi, inaendeshwa na JR West. Njia ya kusini, inayopanda milimani kwenda Takayama, ni ya JR West hadi Inotani tu, kisha inaingia mikononi mwa JR Central. Reli kuu ya zamani, inayofuatana na Shinkansen, sasa ni ya Ainokaze, kampuni ambayo mkoa wenyewe una hisa ndani yake. Tramu, yaani treni ndogo za barabarani, ni za kampuni binafsi ambayo wenyeji huiita Chitetsu, na kampuni hiyohiyo ina stesheni yake jirani kabisa, penye treni za Tateyama na za chemchemi za maji moto za Unazuki.

Mgawanyo huu unamgusa msafiri mfukoni. Pasi ya JR wanayouziwa wageni haifanyi kazi kwenye treni za Chitetsu. Kwenye Ainokaze inakubaliwa kati ya Toyama na Takaoka tu, tena kwa sharti la kutoshuka vituo vya katikati. Mgeni anayedhani pasi ni pasi atasimamishwa getini alipe nauli.

"Shinkansen ikifika, kila safari inakuwa nyepesi."

Kwa anayekwenda Tokyo, ni kweli. Tangu tarehe 14 Machi 2015 treni ya Shinkansen iitwayo Kagayaki inamfikisha kwa muda unaozidi saa mbili kidogo tu, bila kubadilisha. Lakini siku hiyohiyo mwenye safari ya Osaka alipoteza treni yake. Zamani alipanda treni ya haraka iitwayo Thunderbird hapo Toyama, akakaa kitini mpaka Kyoto na Osaka. Ilipofunguliwa Shinkansen, Thunderbird ikawa inaishia Kanazawa, mji ulio kati ya Toyama na Osaka. Tarehe 16 Machi 2024 reli mpya ikasogezwa mpaka Tsuruga, karibu zaidi na Osaka, na Thunderbird nayo ikarudishwa nyuma hadi huko. Muda wa safari umepungua, hilo sikatai. Ila mzee mwenye mizigo lazima ashuke katikati ya safari, apande tena, na hilo halionekani kwenye jedwali la saa na dakika.

Ainokaze nayo ilizaliwa siku ileile ya Machi 2015. Kwa utaratibu wa Japani, Shinkansen inapojengwa sambamba na reli kuu ya zamani, JR inaweza kuiachia ile ya zamani, na mikoa ndiyo inayobaki na mzigo wa kuiendesha. Wanafunzi na wafanyakazi wa miji midogo hawapandi Shinkansen kila asubuhi. Wanapanda hizi treni fupi za Ainokaze. Treni za mizigo nazo bado zinapita juu ya reli hiyohiyo.

"Treni zote za Japani ni za umeme, na zote zinakimbia kilomita 320 kwa saa."

Shinkansen ya Toyama kikomo chake ni 260. Na njia ya Takayama haina nyaya za umeme kabisa: treni ya haraka ya Hida, inayotoka hapa kwenda mpaka Nagoya, inatumia injini ya dizeli inayozalisha umeme, ikisaidiwa na betri. Aina hiyo ilianza kazi mwaka 2022.

"Reli zao ni pana kama SGR."

Shinkansen, ndiyo: milimita 1,435. Lakini treni nyingine zote za Toyama, pamoja na tramu, zinapita kwenye reli ya milimita 1,067. Ni upana uleule wa TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tunaposema reli nyembamba ni ya kizamani na haifai, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya Japani huenda kazini juu ya reli hiyo.

"Reli ndogo isiyo na abiria dawa yake ni kuing'oa."

Hapa ndipo Toyama inaponigusa zaidi. Upande wa kaskazini wa stesheni palikuwa na reli ya bandarini iliyofunguliwa mwaka 1924, yenye urefu wa takriban kilomita nane, hadi Iwasehama. Abiria walipungua, JR nayo ikapunguza treni, mpaka mchana ukiikosa moja unaweza kungoja saa nzima. Ni nani atakayengoja hivyo kama ana gari nyumbani?

Mji haukuifunga. Mwaka 2006 uliigeuza kuwa njia ya tramu iitwayo Portram. Umeme ulishushwa kutoka volti 1,500 hadi 600, kipande cha karibu na stesheni kikahamishiwa barabarani, vikaongezwa vituo, na vyombo vipya vikawa vya sakafu ya chini ili kiti cha magurudumu kiingie bila kunyanyuliwa. Mchana tramu ikaanza kupita kila baada ya dakika 15, na abiria wakarudi.

Lakini stesheni yenyewe bado iliukata mji vipande viwili. Tramu za kusini, zilizoanza kazi mwaka 1913, ziliishia upande mmoja, Portram upande wa pili, na watu walivuka kwa miguu kupitia njia ya chini ya ardhi. Ilibidi kwanza reli za zamani nazo zipandishwe juu ya nguzo, kazi iliyokamilika mwaka 2019. Tarehe 21 Machi 2020 reli za tramu zikaungana chini ya stesheni. Upana ule wa milimita 1,067 pande zote mbili ndio uliowezesha.

Leo anayetoka kwenye geti la Shinkansen anakuta tramu mbele yake, chini ya paa lilelile, bila ngazi wala barabara ya kuvuka. Na mji uliwawekea wakazi wa miaka 65 na kuendelea kadi ya kupanda mchana kwa yeni 100, ili bibi wa Iwasehama aje sokoni mjini na kurudi kwake bila kumsubiri mtoto mwenye gari.