Anakoroma usiku, sukari haishuki: maswali tunayoulizwa kliniki, Malindi

Katika kliniki ya kisukari hapa Malindi kuna wagonjwa wanaomeza dawa vizuri na wameacha soda, lakini sukari ya asubuhi, kabla hata ya chai, iko juu. Nikiuliza wanalalaje, mke hucheka: "Huyu? Hulala fofofo! Akoroma mpaka jirani asikia."

Kukoroma si ndio usingizi mzito?

Hapana. Anayekoroma kwa kishindo, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka akitweta kama aliyekabwa, halali vizuri. Koo limejifunga na hewa haipiti. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara 5 au zaidi kila saa, huo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Wapo wanaopita mara 30 kwa saa, na asubuhi hawakumbuki hata moja.

Pumzi na sukari zahusiana vipi?

Pumzi ikikatika, oksijeni katika damu hushuka. Ubongo huona hatari, humzindua mtu avute hewa, na mwili humwaga adrenalini. Hapo ini hutoa sukari iliyoweka akiba, kana kwamba mtu anafukuzwa na mbwa, ilhali amelala kitandani. Misuli nayo haiitikii insulini sawasawa, na mafuta yanayoachiliwa kuingia kwenye damu huzidi kuidhoofisha. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na lenyewe limechoka. Haya hujirudia usiku kucha, kila usiku.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio kwa watu 13 wenye afya, wakiwa macho. Oksijeni yao ilishushwa na kupandishwa kwa saa 5 tu, na uwezo wa mwili kuitikia insulini ukapungua kwa asilimia 17. Sasa fikiria aliyeishi hivyo miaka kumi.

Basi aongeze kidonge cha sukari?

Asiongeze wala asipunguze bila daktari. Na asiache dawa kwa kuwa amesikia tatizo ni usingizi.

Mzee asema kwao wote hukoroma, ni ukoo tu.

Hapana, tena hapana. Ukoo unaweza kurithishana shingo nene na koo jembamba, na pia kisukari na presha. Kukoroma kunakokata pumzi ni sababu ya kuja hospitali, awe ana kisukari au hana. Kama hajawahi kupimwa sukari na presha, apimwe. Wanangojea nini? Wengi huletwa miguu imeshaingia vidonda.

Mchana asinzia hata akila. Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, wamsaidia.

Dada, muguka haumsaidii. Unamficha usingizi anaoudai mwili, usiku unamnyima tena, na presha inapanda. Akiwa dereva wa tuktuk au bodaboda anayesinzia barabarani, aache kuendesha mpaka atibiwe. Hili silipunguzii ukali, kwa sababu abiria wake ni watoto wetu.

Tiba ni ipi?

Kupunguza uzito ndiko kunakosaidia wengi, na kunashusha sukari pia. Alale ubavu badala ya chali. Pombe na vidonge vya usingizi aviache, maana hulegeza koo zaidi. Wenye hali kali hupewa mashine inayosukuma hewa kwa barakoa usiku kucha. Huondoa usingizi wa mchana na husaidia presha. Kwa sukari matokeo hutofautiana, kwa hiyo dawa za kisukari zinaendelea. Kipimo cha usingizi hakipo kila hospitali, huenda akapewa rufaa.

Yeye hukana kwamba anakoroma. Nifanyeje?

Aliyelala hajisikii, shahidi ni wewe. Mrekodi kwa simu dakika chache, hasa pale anaponyamaza kisha akashtuka. Njoo naye kliniki ukiwa na simu hiyo na daftari lake la sukari, na useme mbele yake yale unayoyaona. Akigoma, njoo peke yako kwanza. Usisubiri tarehe ya kliniki ijayo.