Kuanza Tiba ya Usemi Ukiwa na Miaka 40: Soma Kabla Hujaacha Kazi

Malalamiko kuhusu watu wanaowatibu watoto waliochelewa kuongea, na wagonjwa wa kiharusi, kwa cheti cha mafunzo ya siku chache yanaongezeka. Wengi wanaolalamikiwa si matapeli. Ni walimu wa elimu maalumu, wauguzi, na wazazi waliolea mtoto mwenye usonji wakajifunza mengi njiani, sasa wanataka kuifanya kazi hiyo rasmi. Tunawahitaji, maana wataalamu wa tiba ya usemi nchini Tanzania ni wachache mno. Tatizo ni kuruka utaratibu.

Wote huanza na swali la umri. Chuo huangalia ufaulu. Umri unaanza kuhesabika penye fedha na ajira. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, Bodi ya Mikopo haimkopeshi mwombaji wa shahada ya kwanza aliyezidi miaka 35, wala aliyemaliza kidato cha sita au stashahada zaidi ya miaka mitano iliyopita. Matangazo ya ajira serikalini nayo huweka ukomo wa miaka 45. Ukianza shahada ya miaka minne ukiwa na 42, piga hesabu mwenyewe.

Aliye tayari serikalini ukomo huo haumgusi, ila asikimbilie kuomba nafasi ya kuingilia kama mtu mpya. Waraka wa serikali wa Novemba 2010 unamzuia. Njia yake ni kubadilishiwa kada, yaani kundi la kazi aliloajiriwa. Anaomba kwa mwajiri, mwajiri anaangalia ikama (idadi ya watumishi anaoruhusiwa kuwa nao) na bajeti, kisha maombi yanapanda ngazi. Kuhitimu peke yake hakubadilishi kada ya mtu, hata akipeleka vyeti kila wiki. Na kabla ya kwenda chuo awe na ruhusa ya masomo kwa maandishi. Kauli ya mkuu wa shule kwamba "nenda tu mwalimu, tutaelewana" si ruhusa. Utoro wa zaidi ya siku tano ni kosa la kinidhamu linaloweza kumfukuzisha mtumishi kazi, na tumeona waliopoteza kazi ya zamani kabla ya kuipata mpya.

Kuhusu masomo yenyewe, MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, hufundisha shahada ya usikivu na tiba ya usemi. Makerere, kwa jirani zetu wa Uganda, walianza kufundisha fani hii mwaka 2008. Fani za afya zinadai Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwalimu aliyetoka Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, akiwa amesoma Kiswahili na Historia, hukasirika akiambiwa hivyo, lakini fani hii si kumfundisha mtoto kutamka "r". Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa na uji anaweza kupata nimonia, na atakayeamua ale nini na akae vipi lazima ajue koo linavyofanya kazi. Asiye na masomo hayo anaweza kufanya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, mradi kidato cha nne ana krediti tatu. Aliyesoma nje apeleke cheti cha sekondari Baraza la Mitihani (NECTA) kikalinganishwe, na shahada Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikatambuliwe. Hizo ni ofisi mbili tofauti, na barua ya moja haichukui nafasi ya nyingine.

Baada ya shahada unakuja usajili. Kada shirikishi za afya, ikiwemo hii, zinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2017 chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti cha mtandaoni si usajili, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu. Kughushi cheti, kwa Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hufika miaka saba, na anayekiwasilisha cha kughushi huadhibiwa sawa na aliyekighushi.

Na tafadhali, kabla ya yote haya, tuache kuwashauri wazazi wakate udata, ule utando wa chini ya ulimi, kila mtoto anapochelewa kuongea. Apimwe masikio kwanza.

Jambo la mwisho linawahusu hasa akina mama waliosoma kabla ya kuolewa. Jina la kwenye cheti cha kidato cha nne likitofautiana na la kitambulisho cha NIDA, ambatisha kwenye maombi hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Cheti cha ndoa peke yake hurudishwa. Pelekeni vyeti halisi pia. Hati za matokeo hazipokelewi.