Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba?

Ukikaribishwa katika nyumba ya mawe pale mtaa wa Mkomani, hebu hesabu hatua. Kwa urefu, chumba utakitembea. Kwa upana, hatua tatu au nne tu na pua imegusa ukuta. Wageni hudhani ni uhaba wa ardhi, au ubahili. Lakini waliojenga nyumba hizi walikuwa matajiri wa bandarini, wenye vidaka vya nakshi ukutani, kutoka sakafuni hadi darini. Jibu liko juu ya kichwa chako.

Tazama dari. Limebebwa na boriti, yaani magogo ya mkoko yaliyopangwa kwa karibu, na juu yake matumbawe na chokaa. Huo ni mzigo mzito. Boriti iliyonyooka na nene kiasi cha kuustahimili haizidi sana mita tatu. Ukilazimisha chumba kiwe kipana kuliko hapo, baada ya masika kadhaa dari litaanza kupinda kama mgongo wa jahazi. Basi fundi aliuacha upana ulivyo, akaongeza urefu. Chumba kimoja nyuma ya kingine, vyote vikitazama kiwanda, yaani ua wa ndani, na kuta za karibu nusu mita zinazochelewa kupata joto.

Njia nazo zina kipimo chao: punda. Apite na shehena ya mawe ubavu huu na huu, nawe ujibane barazani mpaka apite. Kwa kuwa njia ni nyembamba na kuta ni ndefu, jua la saa saba halifiki chini. Mahali pengine nyumba mbili zimeunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, na chini yake kuna kivuli kutwa nzima. Mji wa kale wote ni takriban hekta 16, unauvuka kwa miguu kabla kahawa haijapoa. Umekaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bodaboda zilipoanza kuingia humo, ugomvi ulikuwa lazima utokee. Si chuki ya maendeleo. Ni kwamba pikipiki na mtoto anayetoka chuo cha Kurani hawatoshi katika njia moja.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa, na kwangu mimi ndicho kitakachoamua kama Lamu itakalika miaka 50 ijayo. Ni maji.

Visima vingi vya mjini vina chumvi. Onja chai iliyopikwa kwa maji yake utajua. Maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha pale haitiririki, inazama papo hapo. Ikifika chini inakuta maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, yanaelea juu yake bila kuchanganyika sana. Sasa sikiliza hesabu yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini ya usawa huo. Ndiyo maana kuvuta kupita kiasi ni hatari. Maji yakishuka mita moja tu, chumvi nayo inaelekea kupanda kwa mita 40. Na vilima vikisawazishwa ili kupandisha majumba ya kifahari, ule mchanga unaokunywa mvua unafunikwa kwa saruji.

Mazungumzo ya barazani kuhusu kesho ya Lamu huwa ni bandari mpya kule bara, iliyopangwa kuwa na gati 32 na ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, au ule mtambo wa makaa ya mawe ambao leseni yake ilifutwa na baraza la kuamua kesi za mazingira mwaka 2019. Ni mambo makubwa, sikatai. Lakini bandari huleta watu, na watu huja na ndoo.

Hapa nakiri jambo litakalowaudhi wapenzi wa makuti: paa la mabati, kwa ubaya wake wote wa sura, hukinga maji ya mvua vizuri. Makuti hayakukingii maji ya kunywa. Lakini si lazima tuanzie kwenye mabati. Visiwa vya kaskazini, Ndau na Kiwayu, havina vilima vya Shela, na watu wa huko wana jabia: uwanja mpana uliosakafiwa na kuinamishwa kidogo, maji yote ya mvua yakikimbilia hodhi lililochimbwa pembeni. Hodhi halihitaji pampu wala dizeli ili lijae. Uwanja ufagiwe tu kabla ya masika, majani na mavi ya mbuzi yaondoke, kisha mawingu yafanye kazi yao.